Ukurasa wa Picha ya Kale: Wote Waandikwe



Juma hili tunakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana kuwa mchezo wa watoto wakati wa likizo. Nalo ni kutengeneza ukurasa wa kumbukumbu, kwa kuweka pamoja picha ya kale, kipande cha kitambaa, barua na maandishi machache juu ya karatasi moja. Tunalizungumza kwa sababu ukurasa mmoja wa namna hiyo, uliotengenezwa hapa Gerezani, ulibadili hesabu ya mirathi ya nyumba nzima. Wenyewe wametupa idhini ya kueleza, kwa sharti kwamba tusitaje jina wala mtaa wao, na mambo madogo madogo tumeyabadili ili wasitambulike.

Ilikuwa baada ya swala ya Alasiri. Binti wa kidato cha pili, akifuatana na mdogo wake wa kiume, alifika mlangoni pa chumba kidogo tunachokitumia kama ofisi ya msikiti. Alikuwa amekumbatia kopo la biskuti lililoanza kupata kutu. Alitoa salamu, akaketi mwisho wa benchi, akasema, "Ustadhi, Bibi amenituma. Anasema humu mna barua ambayo nyumbani hapana awezaye kuisoma."

Shuleni walikuwa wamepewa kazi ya likizo, waandike historia ya familia zao. Yeye aliamua kutengeneza ukurasa mmoja mkubwa wa karatasi ya manila na kuweka picha ya babu yake katikati. Ndani ya kopo mlikuwa na vitu vinne: picha, barua iliyokunjwa mara nne, hati ya malipo ya mshahara kutoka Reli, na kipande cha khanga kisichozidi kiganja.

Picha yenyewe ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, yenye ukingo mweupe uliokatwa kwa mawimbi, kama zilivyokuwa picha nyingi za studio katika miaka ya 1940 na 1950. Mwanamume wa makamo ameketi kitini, amevaa kanzu na koti, na kichwani ana kofia ya kushonwa kwa mkono. Kando yake, juu ya kigoda, amesimama mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi, kanzu yake ikifunika nyayo. Juu ya bega la mtoto upo mkono wa mwanamke wenye bangili. Mwenye mkono hayupo. Picha ilikuwa imekatwa kwa mkasi, kutoka juu hadi chini, na uliobaki ni huo mkono tu.

"Hapa pamekatika vibaya," alisema binti. "Nataka nipazibe kwa ua la karatasi."

Tulimwomba asubiri kidogo kabla ya kubandika ua hilo.

Kabla hatujaendelea, tunajua kwamba wapo wasomaji watakaouliza juu ya hukumu ya picha. Swali lao ni la haki. Zimepokewa hadithi sahihi, katika Bukhari na Muslim, zenye kuonya vikali juu ya watengenezaji wa sanamu na juu ya nyumba iwekwayo picha. Wanazuoni wa zama zetu walipoletewa picha ya kamera walitofautiana. Wapo waliosema kwamba inaingia katika katazo hilo, isipokuwa kwa dharura kama vile hati za utambulisho. Wapo waliosema kwamba si uumbaji bali ni kivuli kilichozuiwa, na miongoni mwao ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, ambaye aliandika risala maalumu kuihalalisha. Hatukai hapa kuwahukumu wakubwa hawa. Tunasema tu kwamba hata wenye kuruhusu hawaruhusu picha itukuzwe, iombwe au itundikwe kama kitu cha kuabudiwa. Ukurasa tunaouzungumzia haukai ukutani. Unakaa ndani ya jalada, unafunguliwa kwa haja, unafungwa. Na ambaye moyo wake hautulii juu ya picha, basi atengeneze ukurasa wa barua, vitambaa na majina, nao utamtosha, kwani kama atakavyoona msomaji, majina ndiyo yaliyofanya kazi kubwa katika kisa hiki.

Tukarudi kwenye picha. Jambo la kwanza tulilomwambia binti ni kwamba picha ya asili haibandikwi. Tulisema hivyo kwa machungu, maana sisi wenyewe tuliwahi kupata hasara. Tulikuwa na picha ya babu yetu akiwa na wenzake baada ya kurejea kutoka Hijja. Kwa kuogopa isiharibike tukaipeleka kufanyiwa laminesheni. Moto wa mashine ukaiunguza upande mmoja, plastiki ikaingia mapovu, na gundi yake ikashikamana na uso wa picha hata haikuwezekana tena kuitenganisha. Tulitaka kuihifadhi na tukaiua kwa mikono yetu. Tangu hapo tunamwambia kila atakayesikia kwamba usilaminishe picha ya kale, wala usiibandike kwa selotepu, kwani selotepu hugeuka manjano na kuacha doa lisilotoka. Usiitie pini ya chuma, kwa sababu katika hewa yetu ya pwani chuma hupata kutu upesi. Na ukiikuta imeganda kwenye kioo cha fremu kwa sababu ya unyevu, usiivute. Ipige picha ikiwa palepale ndani ya kioo, kisha iache.

Kwa hiyo tulianza kwa kufanya nakala. Katika mitaa ya Kariakoo haikosekani sehemu ya kunakili kila baada ya hatua chache, na wengi wao wana mashine ya kuskani. Mwambie mwenye mashine aiskani kwa ubora wa juu, nukta 600 kwa inchi ikiwezekana, tena pande zote mbili, mbele na nyuma. Simama hapo hapo mpaka akurudishie picha yako. Ishike kwa kingo, usiiguse usoni, maana jasho la vidole huacha alama. Nakala ndiyo itakayokatwa, itakayopakwa gundi na kuwekwa katika ukurasa. Ile ya asili inarudi katika bahasha ya karatasi, inaandikwa jina juu ya bahasha, na inawekwa mahali pakavu, mbali na jua na mbali na sakafu. Wakazi wa bonde la Msimbazi wanayakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, na wafanyabiashara wa soko letu wanaukumbuka moto wa Julai 2021. Maji na moto havichagui kati ya godoro na picha ya babu.

Tumesema nakala ifanywe ya mbele na ya nyuma. Watu wengi huutazama uso wa picha na kuusahau mgongo wake, nao mgongo ndio wenye kusema. Nyuma ya picha ile palikuwa na muhuri wa studio. Jina la studio lilikuwa limefutika, lakini chini yake yalisomeka maneno "Kichwele Street". Vijana wa leo hawaujui mtaa huo. Ni huu tunaouita Uhuru, uliobadilishwa jina baada ya nchi kupata uhuru wake mwaka 1961. Basi muhuri ule peke yake ulitwambia kwamba studio ile ilikuwa ikifanya kazi siku za Tanganyika ya Mwingereza, au ilikuwa bado inatumia muhuri wake wa zamani. Vivyo hivyo ukikuta "New Street" jua kwamba ni Lumumba ya leo, na ukikuta "Kipata" jua kwamba ni Kleist Sykes. Hati ya mshahara nayo ilisaidia. Ilikuwa ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, na malipo yake ni kwa shilingi ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania iliiacha mwaka 1966 ilipotoa shilingi yake yenyewe. Kwa hiyo, bila ya kumuuliza mtu yeyote, binti aliweza kuandika kwa penseli: "Babu alikuwa mfanyakazi wa reli. Picha ilipigwa Kichwele, huenda miaka ya 1950." Tulimsisitizia aandike neno "huenda", kwa sababu ukurasa wa kumbukumbu ni ushahidi, na shahidi hasemi zaidi ya alichokiona.

Ikabaki barua.

Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu wa pwani kwa karne nyingi. Wajukuu wanaosoma Qur'ani kila siku madrasa huidhani ni Kiarabu, wakajaribu kuisoma, wakashindwa kuelewa hata neno moja. Si makosa yao. Kiarabu hakina herufi ya p, wala v, wala ch, na wazee waliziazima kwa kuongeza nukta au kwa kutumia herufi jirani, kila mwandishi na mtindo wake. Mara nyingi hawakuweka irabu. Ilituchukua karibu saa nzima kusoma nusu ukurasa. Tulipofika katikati, tulinyamaza.

Barua ilitoka Kilwa. Iliandikwa na mwanamke kwa mume wake aliyeko Dar es Salaam. Baada ya salamu ndefu alimweleza kwamba mtoto amefika juzuu ya Amma, kwamba kanzu aliyopigia picha imekwisha kuwa fupi, na kwamba kila jioni anauliza baba atakuja lini. Akamtaja mtoto kwa jina lake na jina la baba yake. Jina hilo la mtoto hatukuwa tumelisikia katika familia ile.

Hapa panahitaji maelezo kidogo. Nyumba ya familia hiyo ni katika zile chache za Kiswahili zilizobaki Gerezani, za vyumba sita na ukumbi katikati, yenye baraza mbele na ua nyuma. Babu aliijenga, akafariki miaka mingi iliyopita, na mirathi haikuwahi kugawanywa. Sasa alikuwa amekuja mnunuzi anayetaka kujenga ghorofa. Wiki moja tu kabla ya siku ile, watoto wa marehemu walikuwa wamefika ofisini kwetu kutaka tuwasaidie kuandika muhtasari wa kikao cha ukoo, ili waupeleke Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya kuteua msimamizi wa mirathi. Warithi waliotajwa walikuwa mjane mmoja, watoto wa kiume watatu na wa kike wawili. Sisi ndio tuliokuwa tunashika kalamu. Mtoto wa Kilwa hakuwemo.

Tulimwambia binti kwamba barua ya mtu ni amana, na kwamba yaliyomo tutamsomea kwanza aliyemtuma. Jioni ile, tukiwa na mjumbe mmoja wa kamati, tukaenda nyumbani kwa Bibi.

Tulimkuta barazani. "Shikamoo Bibi," tulimwamkia. "Marahaba wanangu," akaitika, kisha bila kungoja akauliza, "Mmeisoma?" Tukasema ndiyo. Tukamuuliza kama angependa tumsomee faraghani. Akasema mjukuu wake na abaki, kwani yeye ndiye mwenye ukurasa. Tukaisoma yote, polepole, hadi salamu za mwisho. Bibi alikuwa akitazama chini. Tulipomaliza, alichukua ile picha, akaupitisha ukucha wake juu ya ukingo uliokatwa.

"Huyu ni mke mkubwa," alisema. "Na mkasi ni wangu. Nilikuwa mwari, nimeolewa mwezi wa pili. Niliikuta picha hii sandukuni, nikamkata. Mkono haukukatika kwa sababu ungemharibu mtoto."

Hakulia, wala hatukumwona akitafuta udhuru. Alieleza kwamba mwenzake aliachwa baadaye, akabaki kwao Kilwa. Mtoto alipokuwa kijana alikuja mara mbili tatu, kisha hakuja tena. Alikuwa hai wakati baba yake anafariki, hilo Bibi alikuwa na yakini nalo, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyezuia asipelekewe habari mapema. Aliyasema hayo mbele ya mjukuu wake, na mjukuu akaacha kalamu.

Ndugu msomaji, tunafahamu kwamba si kila siri ya nyumba inafaa kufukuliwa. Uislamu umetuamrisha sitara, na aibu ya mtu aliyetubu haitandazwi. Lakini haki ya mrithi si aibu ya kusitiriwa. Mafungu ya mirathi Mwenyezi Mungu ameyataja mwenyewe katika Suratun Nisaa, hakumwachia mzazi wala kikao cha ukoo. Mke aliyeachwa na eda yake ikamalizika hana fungu, lakini mtoto hatalikiwi. Na mtoto aliyekuwa hai baba yake alipofariki fungu lake limeshathibiti, hata kama naye amefariki baadaye. Linakwenda kwa warithi wake, nayo ndiyo mas'ala ambayo wanazuoni wa mirathi huyaita munasakha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mjane ana thumuni, yaani sehemu 1 kati ya 8. Kinachobaki hugawanywa kwa watoto, wa kiume mafungu 2 na wa kike fungu 1. Kwa watoto watatu wa kiume na wawili wa kike, yalikuwa mafungu 8. Akiongezeka ndugu yao wa Kilwa, yanakuwa mafungu 10. Hakuna aliyekosa, ila kila mmoja alipungukiwa. Na katika biashara ya viwanja vya Kariakoo, upungufu huo si fedha ya sadaka ya Ijumaa.

Tukawaeleza watoto wa marehemu kwamba hatuwezi kuandika muhtasari ule. Mmoja alikasirika, akasema kwamba picha iliyokatwa na karatasi isiyosomeka haziwezi kuleta mrithi. Tulimkubalia nusu. Picha haithibitishi nasaba, wala barua peke yake haitoshi. Aliyethibitisha ni mama yake mwenyewe, aliye hai, mwenye akili timamu, aliyekiri dhidi ya masilahi ya watoto wake. Picha na barua zilifanya jambo moja tu, zilimfanya Bibi aulizwe. Miaka yote ile hakuna aliyemuuliza.

Sasa turejee kwenye ukurasa wa binti, kwa sababu aliumaliza, na namna alivyoumaliza ina mafunzo kwa kila atakayependa kutengeneza wa kwake.

Karatasi aliyotumia ni manila nyeupe, si ya kahawia wala gazeti, kwani karatasi hafifu hugeuka manjano na kuambukiza kilicho karibu nayo. Ukitaka kuweka kipande cha gazeti, weka nakala yake. Nakala ya picha hakuipaka gundi mgongo mzima. Alikunja vipembe vinne vya karatasi, akavibandika hivyo, na picha ikachomekwa ndani yake, iweze kutolewa siku yoyote. Kipande cha khanga alikifua kwanza na kukianika kivulini, ili rangi isichuje, kisha akakishona kwa nyuzi mbili pembeni na kuweka karatasi kati ya kitambaa na picha. Khanga ile ilikuwa ya Bibi, ya siku alipoingia nyumba ile akiwa mwari. Nakala ya hati ya mshahara aliiweka chini, kwa kuwa ndiyo iliyojenga nyumba. Alitaka kuandika Bismillahi juu kwa rangi ya dhahabu na aya pembeni kama pambo. Tulimshauri aache, maana ukurasa utawekwa chini, utakaliwa na watoto, na maneno ya Mola wetu yana heshima yake.

Likabaki lile ua la karatasi. Sanaa ya kukata na kuunganisha picha si ngeni katika pwani yetu. Huko Lamu, katika karne iliyopita, mpiga picha Omar Said Bakor alijulikana kwa kuunganisha picha na picha katika studio yake, na watu walizipenda. Kwa urembo hapana neno. Lakini Bibi alimzuia mjukuu wake. "Usipazibe," alisema. "Pakizibwa mtasema hapakuwa na mtu." Basi ukingo uliokatwa ukaachwa uonekane kama ulivyo. Pembeni yake, mahali alipokuwa amesimama mwanamke yule, binti alibandika bahasha ndogo, na ndani yake akaweka nakala ya barua pamoja na tafsiri yake kwa herufi za kawaida. Chini ya picha aliandika majina kwa penseli: jina la babu na baba yake, jina la mtoto na baba yake. Chini ya mkono wenye bangili aliacha mstari mtupu, kwa kuwa Bibi hakulikumbuka jina la baba wa mwenzake, na jina la nusu hakutaka liandikwe.

Baada ya majuma mawili, wajumbe wawili wa familia walipanda basi la Kilwa. Mtoto wa kigodani walimkuta amekwisha kufariki, Allah amrehemu. Ameacha mjane na watoto watatu. Mkubwa wao alifuatana nao kuja Gerezani. Ni mvuvi, mtu wa maneno machache. Aliketi barazani, akawekewa ukurasa mapajani. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Yupi babu?" Hakuwahi kuiona sura yake.

Kisha aliomba penseli, akaandika jina la nyanya yake na la baba wa nyanya yake kwenye ule mstari mtupu. Bibi akamwomba radhi. Aliyojibu kijana yule ni yao wawili, hatutayaandika. Tunapoandika haya shauri halijakwisha. Muhtasari mpya una warithi wa mafungu 10, lakini mmoja wa watoto wa Bibi bado hajatia saini. Tunamwombea.

Kitongoji chetu kina mfano bora wa faida ya kuandika. Mzee Kleist Sykes, mkazi wa Mtaa wa Kipata na mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929, aliandika habari za maisha yake kabla ya kufariki mwaka 1949. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu alizitumia karatasi hizo kuandika maisha ya babu yake, na makala yake ikatoka mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na mwanahistoria John Iliffe. Miaka 25 baadaye, Mohamed Said alitoa kitabu chake juu ya Abdulwahid Sykes, akitegemea kwa kiasi kikubwa nyaraka za familia hiyo hiyo. Laiti karatasi zile zingetupwa wakati wa kuhama nyumba, sehemu kubwa ya habari za Waislamu wa mji huu katika kuasisi TANU ingebaki kuwa maneno ya barazani. Mzee aliandika, watoto wakahifadhi, mjukuu akauliza. Akikosekana mmoja wa hao watatu, kamba imekatika.

Tunayo tahadhari moja ya mwisho. Binti alipomaliza, binamu zake walitaka ukurasa upigwe picha na kuwekwa katika simu ili kila mtu aone. Tulishauri wasifanye hivyo. Picha nyingi za kale zinaonesha mama zetu vichwa wazi, kwa kuwa walipiga ndani ya studio, kwa mume au kwa mahramu wao, wala hawakudhani kwamba iko siku mtu wa mbali ataitazama akiwa kitandani kwake. Aliyekufa hawezi kutoa idhini, na heshima yake haikufa naye. Ukurasa wa familia na uzunguke katika familia. Atakayetaka kuuona aje, apige hodi, aketi, asimuliwe.

Imepokewa kwa Tirmidhi kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alituhimiza kujifunza katika nasaba zetu kile kitakachotuwezesha kuunga udugu. Msomaji atambue kwamba lengo lililotajwa ni kuunga, wala si kujifakhiri. Basi likizo hii, kabla ya kununua gundi na manila, anza na kopo la biskuti lililo chini ya kitanda cha Bibi. Keti naye baada ya Alasiri, wakati jua limepungua ukali. Mwekee picha moja tu mkononi, usimrundikie. Muulize: huyu ni nani, mtoto wa nani, na yuko wapi leo? Andika asemavyo, kwa penseli, siku ile ile. Na ukiuona mkono usio na mwenyewe, muulize na huo.

Wallahu a'lam.